Vitu Vinne Viwake

Quartzsite, Arizona
9 Novemba 2004

Shemeji Orrin,

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike ndugu yako Merle mwaka jana nimekutumia kadi moja tu ya Krismasi, tena yenye maneno matatu. Ningekupigia, lakini wewe na simu hamsikilizani. Mara ya mwisho nilikwambia nina mafua, ukanijibu kwamba hata kwenu ng'ombe wamezaa. Kwa hiyo nimenunua stempu.

Nina shida, na katika watu wote ninaowajua ni wewe tu uliyetengeneza trela za watu miaka thelathini na moja bila kulipua hata moja.

Niko jangwani, kwenye ile ardhi ya serikali ambako mimi na ndugu yako tulikuwa tukikaa kila majira ya baridi. Trela nimeivuta mwenyewe na pikapu kutoka Minnesota. Siku nne barabarani, na sikugonga kitu ila pipa moja la taka. Mwanangu Darrel aliposikia alinikatia simu. Kesho yake akapiga tena akaja na masharti. Jumamosi tarehe 11 Desemba atakuja kulala kwangu. Vitu vinne vinavyotumia gesi viwake: jiko, friji, hita ya maji na hita ya kupasha nyumba. Vikiwaka vyote mpaka atakapoondoka Jumapili, ataniacha nikae hapa na hataligusia tena. Kimoja kikigoma, natia sahihi karatasi za kuuza trela na nahamia chumba cha chini nyumbani kwake St. Cloud, kile chenye kidirisha kinachotazama magurudumu ya gari lake.

Nilikubali. Nilikuwa na hasira, ndiyo maana nilikubali haraka.

Sasa nikupe hali ya mgonjwa. Jiko linawaka. Friji moto wake upo, lakini haipoi, na dawa yangu ya sukari naihifadhi kwenye sanduku la barafu kama samaki. Hita ya maji inatoa mwali wa manjano na masizi. Hita ya nyumba inapuliza feni tu, moto hakuna, na huku alfajiri maji ya mbwa yanaganda.

Merle ndiye aliyeshughulika na gesi. Mimi nilishika tochi. Miaka yote hiyo nimeshika tochi, Orrin, na nimechoka kuishika. Niandikie la kufanya.

Ardis

*

Fergus Falls, Minnesota
16 Novemba 2004

Ardis,

Ng'ombe walizaa kweli.

Sipendi hili jambo. Gesi si ya kujifunzia kwa barua. Lakini nakujua, nisipokuandikia utaanza kufungua nati kwa kisu cha siagi. Basi sikiliza, na usirukeruke kama marehemu.

Kabla ya yote, zima kila chenye moto, fungua mtungi, changanya sabuni ya vyombo na maji kidogo, upake kwenye kila kiungo kuanzia kwenye mtungi hadi ndani. Panapotoa mapovu pana tundu. Kaza kwa spana mbili, moja ishike na nyingine izungushe. Ukitumia moja utavunja paipu, na mimi sitaki kuandika barua ya rambirambi mwaka huu.

Friji yako haina mota. Ndani yake kuna dawa inayopanda ikipata moto na kushuka kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo ikiwa imeinama dawa inakwama njiani. Nina hakika umeiinamisha trela ili maji ya sinki yatoke vizuri. Kila mtu hufanya hivyo, na kila mtu huja kulia kwangu kwamba friji imekufa. Weka pima maji ndani ya friji, siyo kwenye sakafu, kisha panga vibao chini ya magurudumu mpaka kiputo kikae katikati. Halafu subiri siku nzima.

Hita ya maji ina buibui. Wanaipenda harufu ya gesi, usiniulize kwa nini. Toa lile bomba la kichomeo, lisafishe kwa brashi ya kuoshea chupa. Mwali ukirudi wa buluu, umepona.

Na ukumbuke hili kuliko yote: kitu kimoja kikigoma, ugonjwa uko kwenye kitu hicho. Vikigoma vyote kwa pamoja, acha kuvihangaikia vyenyewe, nenda kwa mama yao, yaani mtungi.

Hita ya nyumba usiiguse. Nitakuandikia.

Orrin

*

Quartzsite
24 Novemba 2004

Shemeji,

Friji inagandisha. Nilipoweka pima maji, kiputo kilikimbilia pembeni kama kinadaiwa. Nimepanga vibao viwili upande wa kushoto, na sasa maji ya sinki hayatoki vizuri, lakini maziwa ni baridi mpaka yanauma meno. Dawa yangu imerudi mahali pake.

Buibui nimemtoa. Alikuwa mdogo kuliko punje ya pilipili, na utando wake ulizuia maji ya moto ya nyumba nzima. Jana nimeoga kwa mara ya kwanza tangu niondoke Minnesota, nikaimba bafuni, na jirani akapiga ukuta kuniomba nibadilishe wimbo. Kiungo kimoja nyuma ya jiko kilitoa mapovu. Nimekikaza kwa spana mbili. Nilipaka sabuni tena mara tatu, kwa furaha tu.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi saa sita mchana king'ora cha gesi kililia. Kile kilicho chini karibu na sakafu. Nikazima mtungi, nikamnyakua mbwa, nikatoka na taulo kichwani huku wastaafu wa jangwa zima wakinitazama. Nikapaka sabuni kila mahali, hakuna povu hata moja. Nikarudi ndani, king'ora kimenyamaza. Mbwa akalala mahali pake, na kikalia tena. Ndipo nikaelewa. Jirani alikuwa amempa mbwa wangu Lefse maharage, na kitanda cha Lefse kiko chini ya king'ora. Sasa analala upande wa pili.

Kinachonisumbua ni kifundo cha mkono. Yabisi imeshuka na baridi. Kufungua mtungi kunanichukua dakika nzima, nageuza kidogo napumzika, nageuza kidogo napumzika. Darrel huniambia mwanamke asiyeweza kufungua mtungi hapaswi kuishi kwa mtungi. Nimechoka naye.

Imebaki hita ya nyumba. Uliahidi. Siku ni kumi na saba.

Ardis

*

St. Cloud, Minnesota
28 Novemba 2004

Mpendwa Baba Mkubwa,

Asante kwa kunikaribisha Jumamosi iliyopita. Nimefurahi kuona umeelewa ninachotaka, ingawa hukupenda.

Ulinisimulia ile habari ya baba alivyofungua mtungi kwa kishindo kambini, gesi ikajibana yenyewe, mkala nyama baridi siku mbili kabla hamjajua kisa. Ulisema watu wote wa ukoo wetu wa Kvamme wana mkono huo. Tulicheka. Lakini tangu siku hiyo naiwaza habari hiyo. Jumapili asubuhi, kabla sijaondoka, nitafunga mtungi, nitaacha moto umalize gesi iliyobaki kwenye mipira, kisha nitaufungua kwa mkono wa Kvamme. Vitu vyote vitafifia. Umeniambia mwenyewe haina hatari. Mama ataona, atachoka, atatia sahihi.

Usinione mtoto mbaya. Baba alipoanguka kule jangwani, gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini. Mama alikuwa amempakata mchangani peke yake. Mimi nilikuwa kazini, na kwenye simu nilimsikia akinieleza huku akimtuliza mbwa. Siwezi kuipokea simu ile mara ya pili.

Ninakuomba mambo mawili. Usimwambie hayo ya mtungi. Na kuhusu hita ya nyumba, usimsaidie. Najua amekuandikia. Siku hizi hata kwenye simu anazungumza kama wewe.

Wako,
Darrel

*

Fergus Falls
2 Desemba 2004

Ardis,

Nimefurahi kusikia habari za friji na za mbwa.

Kuhusu hita ya nyumba, ina mambo mengi, haielezeki kwenye karatasi. Mwite fundi au iache. Nadhani ungefikiria tena kuhusu St. Cloud. Chumba kile si kibaya, kina zulia.

Huku theluji imefika magotini.

Orrin

*

Quartzsite
7 Desemba 2004

Orrin,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikageuza na nyuma nikidhani umesahau ukurasa.

Zulia. Mtu aliyeniandikia ukurasa mzima juu ya buibui anakuja kuniambia habari za zulia. Nilikaa nalo siku nzima. Nikajisemea labda mkono wako umeanza kutetemeka, labda unaumwa na hutaki kusema. Kisha nikakumbuka kwamba St. Cloud iko saa mbili tu kutoka kwako na Darrel ana gari. Sijui mmezungumza nini. Ila najua mlizungumza, kwa sababu wewe hujawahi kusifia chumba maishani mwako.

Haya, basi nikueleze mimi jinsi hita ya nyumba inavyotengenezwa, huenda siku moja ukahitaji.

Unawasha. Feni inavuma. Unasubiri mlio wa cheche, cheche haiji. Kwa nini isije? Nikachukua kile kitabu cha maelezo kilicholiwa na panya, nikasoma kilichobaki. Ndani kuna kibati chepesi kinachosukumwa na upepo wa feni. Upepo ukiwa mdogo kibati hakisogei, na kisiposogea cheche hairuhusiwi kutoka. Nikatoka nje nikaweka kiganja kwenye tundu la moshi. Ndani feni inanguruma, nje hakuna hata pumzi ya paka. Nikazima, nikafunga mtungi, nikanyoosha henga ya koti la Merle, nikachokonoa. Ukatoka udongo. Nyigu walikuwa wamejenga mle mtaa mzima wakati wa joto. Nimejaza kikombe.

Iliwaka mara ya kwanza nilipojaribu. Moto wa buluu, tulivu. King'ora cha hewa ya moshi kiko kimya, nimekijaribu mara mbili kuhakikisha kinafanya kazi. Nilikaa mbele ya tundu la joto na soksi zangu nikalia, si kwa huzuni. Nililia kwa sababu sikumwita mtu.

Vitu vinne vinawaka. Mpishi, mwosha vyombo na fundi wa nyumba hii ni mtu mmoja, ana miaka sitini na tisa na kifundo kibovu. Jumamosi aje.

Ardis

*

Fergus Falls
9 Desemba 2004

Ardis,

Naandika haraka ili barua iondoke na gari la posta la mchana. Barua yako bado haijanifikia kama umeandika. Jana na juzi sikulala vizuri.

Darrel alikuja kwangu. Aliniomba nisikusaidie na hita ya nyumba nikakubali, ndiyo maana nilikuandikia ule upuuzi wa zulia. Kuna baya zaidi. Jumapili asubuhi anataka kuuchezea mtungi. Kichwa cha mpira wako wa gesi kina kigololi ndani. Mtungi ukifunguliwa kwa kishindo wakati mpira hauna kitu, kigololi kinadhani mpira umepasuka na kinajibana, kinapitisha gesi kidogo sana. Kila kitu kitafifia na utadhani vyote vimekufa. Havijakufa. Zima vyote, funga mtungi, subiri dakika kumi, kisha fungua pole pole, kama unafungua mlango wa chumba alicholala mtoto.

Nilimpa mimi ujuzi huo, kwa mzaha, kisha nikanyamaza kwa makusudi. Nilijiambia ni kwa faida yako. Ukweli ni kwamba nilimzika mdogo wangu na sikutaka kuwaza habari za kukuzika wewe.

Hita ya nyumba: angalia tundu la moshi, huwa kuna nyigu.

Naomba hii ikuwahi.

Orrin

*

Quartzsite
15 Desemba 2004

Orrin,

Haikuniwahi. Imefika jana Jumanne.

Darrel alikuja Jumamosi mchana na begi dogo na sura ya daktari. Nikampikia nyama na viazi. Akala. Nikamwambia akaoge, akaoga mpaka nikaanza kuwaonea huruma samaki wa dunia. Akafungua friji, akagusa maziwa, akafunga. Akainua mikono mbele ya hita kama anajisalimisha.

Jumapili jua lilipochomoza nilikuwa nachemsha kahawa. Akasema anatoka kukagua matairi. Sikushughulika. Kisha hita ikanyamaza. Mwali chini ya birika ukazimika, na nilipouwasha tena ukawa mdogo kama harage, na nilipochungulia nyuma ya friji hakukuwa na moto. Darrel akaingia akipangusa mikono. Alitazama birika, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya upole ambayo sitaisahau, "Unaona, Mama." Akatoa karatasi za kuuza trela akaziweka mezani, na kalamu juu yake.

Nikuambie ukweli, nilikaa. Nilidhani nimeua kila kitu kwa kuchokonoachokonoa. Nilikuwa nimeshaishika kalamu, Orrin. Halafu nikakumbuka barua yako ya kwanza, ile ya kweli. Kimoja kikigoma. Vyote vikigoma. Nikaiweka kalamu chini.

Nikamuuliza, "Umegusa mtungi?"

"Hapana."

Masikio yake yakawa mekundu. Baba yake naye hakuweza kudanganya kwa masikio.

Nikazima vyote, nikatoka, nikafunga mtungi. Sikujua nini kinafuata, basi nikakaa kwenye ngazi ya mlangoni na hasira zangu mpaka kahawa iliyokuwa imechemka nusu ikapoa kabisa. Kisha nikafungua kwa mkono wangu mbovu, nageuza kidogo napumzika, nageuza kidogo napumzika. Nikaingia nikawasha. Jiko likasimama la buluu. Hita ikavuta pumzi na kuwaka.

Ndipo nikaelewa kwa nini mimi haijawahi kunitokea. Nikamwambia mwanangu, "Sasa njoo ufunge mtungi, uache jiko liwake mpaka lizimike, halafu ufungue kama ulivyofungua asubuhi."

"Mama, acha basi."

"Fungua, Darrel."

Akafungua. Mara moja tu, kraa, kama anavunja shingo ya kuku. Nikawasha jiko mbele yake na likanywea. Tulitazamana juu ya mwali ule mdogo. Mkono ambao amekuwa akinisimanga nao mwaka mzima ndio ulioufungua mtungi vizuri, na wake wenye afya ndio uliouharibu. Sikuhitaji kumwambia hilo.

Akakaa chini akalia. Mtu wa miaka arobaini na nne, analia mezani kwangu huku mbwa akimlamba vidole. Alisema hawezi kupokea tena simu kama ile ya baba yake.

Nilimwambia hivi, nakuandikia neno kwa neno kwa sababu nataka na wewe ulisikie. Nilimwambia, "Utaipokea, mwanangu. Nikikaa hapa utaipokea, na nikikaa chini ya jiko lako utaipokea, pengine utakuwa wewe mwenyewe wa kuipiga. Simu hiyo hakuna mwenye uwezo nayo. Mimi ninachoweza kuchagua ni mahali nitakapokuwa nimeamka asubuhi ya siku hiyo, na nimechagua."

Kisha nikamwambia masharti yake nimeyafuta. Si kwa sababu nimeshinda. Ningekuwa nimeshindwa vitu vyote vinne, ningeyafuta vilevile. Kosa langu lilikuwa kukubali kufanyiwa mtihani na mtu niliyemfundisha kutumia kijiko.

Hakukubali. Alinikumbatia kwa muda mrefu, lakini hajakubali, na mimi sikumwomba akubali. Karatasi aliziacha mezani. Nimezitumia kufutia masizi ya birika.

Sasa wewe. Darrel nimemsamehe, kwa sababu aliogopa na aliogopa waziwazi. Wewe sijakusamehe. Ulijua njia, ukajua na mimi naiweza, kisha ukaamua niipotee kwa faida yangu. Barua yako ya tarehe 9 ni nzuri na imechelewa, na kuchelewa kwake ni kwako, si kwa posta.

Jambo la mwisho. Tangu juzi regyuleta, ile inayopunguza nguvu ya gesi pale mtungini, inavuma, mlio mwembamba, hasa hita na jiko vikiwaka pamoja. Nimepaka sabuni, hakuna povu. Nataka kujua ni nini, inatokea wapi, inaweza kuharibika vipi na inafunguliwaje. Andika yote. Hata yale unayodhani siyawezi, na hasa hayo.

Ardis Kvamme